Dokingi inasema rutini inaishinda isoniazidi: je, nimepata dawa ya kifua kikuu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninasoma shahada ya uzamili ya famasia. Nimechukua kampaundi 60 zilizoripotiwa kwenye mmea mmoja wa dawa, nikazifanyia dokingi (kukisia kwa kompyuta jinsi molekuli inavyokaa na kushika kwenye protini) kwa programu ya AutoDock Vina dhidi ya kimeng'enya InhA cha vimelea vya kifua kikuu. Rutini imepata alama ya −10.2 (kilokalori kwa moli; ikishuka zaidi, mshiko unakisiwa kuwa na nguvu zaidi), wakati isoniazidi niliyoiweka kama dawa ya kulinganishia imepata −5.3 tu. Msimamizi wangu anataka tuandike kwamba rutini ina nguvu kuliko isoniazidi. Nina kompyuta mpakato ya GB 16, sina mashine nyingine. Je, tuko sahihi? Na baada ya hapa nifanye nini?

Jibu: Msiandike hivyo. Namba hizo mbili hazilinganishwi. Vina haina kosa hapa. Kasoro iko kwenye maandalizi, kabla programu haijaanza kukokotoa chochote, na inarekebishika kwa kompyuta hiyo hiyo uliyo nayo.

Tuanze na isoniazidi. Dawa hii haiendi kuziba InhA ikiwa katika umbo lile lililo kwenye kidonge. Ikishaingia ndani ya bakteria huamshwa kwanza na kimeng'enya kingine, KatG, kisha kipande kinachopatikana huungana na NAD, molekuli saidizi ya kimeng'enya. Kinachoziba tundu la InhA ni muungano huo wa isoniazidi na NAD. Muundo wake wa fuwele ulichapishwa mwaka 1998 na upo katika PDB, hifadhi ya miundo ya protini, kwa namba 1ZID. Mshiko wake nao umepimwa maabara: Ki yake (kipimo ambacho kikiwa kidogo mshiko ni mkubwa) iko chini ya nanomola 1. Sasa igeuze ile −5.3 yako iwe mshiko. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kila kilokalori 1.36 kwa moli ni sawa na tofauti ya mara 10, hivyo −5.3 inatoa takriban mikromola 130. Umepishana na maabara kwa zaidi ya mara laki moja, kwa kuwa umeipa programu molekuli ambayo si mzuiaji wa InhA. Makala zenye ulinganisho wa namna hii zimejaa kwenye majarida, na sishangai kwamba msimamizi wako haoni tatizo. Wingi wake hauufanyi uwe sahihi.

Jambo la pili hukulitaja, ila nalishuku sana: NAD ilibaki kwenye faili lako la protini, au uliifuta? Miongozo mingi ya dokingi humwambia mwanafunzi afute maji na kila kitu kisicho protini. Kwa InhA ushauri huo unaharibu kazi nzima. NAD hutangulia kuingia kwenye kimeng'enya, halafu mzuiaji hukaa juu ya pete yake ya nikotinamidi, akishikwa kwa bondi ya haidrojeni na asidi amino Tyr158 pamoja na kundi la haidroksili la sukari ya NAD. Ukiifuta NAD unafungua handaki refu ambalo ndani ya bakteria haliko wazi hivyo, na molekuli ndefu yenye sukari kama rutini italala humo vizuri sana. Fungua pozi (mkao) la kwanza la rutini kwenye programu ya kutazama molekuli, PyMOL au ChimeraX, kisha weka juu yake NAD ya muundo wa asili. Zikigongana, basi −10.2 yako ni alama ya tundu ulilolitengeneza mwenyewe.

La tatu ni ukubwa. Vina hujumlisha migusano kati ya atomi na kutoza adhabu ndogo kwa bondi zinazozunguka, kwa hiyo molekuli kubwa hupendelewa. Rutini ina atomi nzito 43 (yaani bila kuhesabu haidrojeni), isoniazidi ina 10. Gawanya: rutini inapata 0.24 kwa kila atomi, isoniazidi 0.53. Sikupi hesabu hii ili useme isoniazidi imeshinda, maana tumeshaona kwamba umbo ulilolipima silo. Nataka uone jinsi mshindi anavyobadilika kwa kugawanya tu. Kumbuka pia kwamba waliotengeneza Vina waliripoti kosa la kawaida la kilokalori 2.85 kwa moli, yaani mshiko unaweza kukosewa kwa mara 100 na zaidi. Kuzipanga kampaundi mbili kwa sababu moja ina −8.1 na nyingine −8.4 hakuna maana yoyote.

Dokingi ni ungo. Inafaa kupunguza maelfu ya kampaundi yabaki makumi ya kupeleka maabara, na ungo hujaribiwa kwanza kwa nafaka unayoijua. Hatua hiyo ndiyo iliyokosekana kwenye kazi yako.

Rudia hivi. Chukua muundo 4TZK, ambao una InhA, NAD na mzuiaji mmoja wa jamii ya pirolidini kaboksiamidi. Acha mnyororo mmoja wa protini pamoja na NAD yake. Futa maji, isipokuwa molekuli ya maji inayoonekana katika miundo kadhaa mahali pale pale karibu na mzuiaji. Hiyo ijaribu ikiwepo na isipokuwepo. Ongeza haidrojeni kwa pH 7.4 na ukague histidini kwa macho, kwa sababu programu hukisia upande ambao haidrojeni inakaa. Mtoe mzuiaji, mtengenezee umbo jipya la pande tatu kutoka SMILES (muundo wa molekuli ulioandikwa kwa herufi) kwa programu ya RDKit, umgeuze kuwa PDBQT (faili linalosomwa na Vina) kwa programu ya Meeko, halafu mrudishe kwa dokingi. Usimrudishe akiwa na umbo lile lile alilotoka nalo kwenye fuwele, utakuwa umeionesha programu jibu. Kisanduku cha eneo la kutafutia kiwe na kitovu chake katikati ya mzuiaji, kila upande angstromu 20 hadi 24. Kigezo cha `exhaustiveness` (juhudi ya utafutaji), ambacho kwa kawaida ni 8, kipandishe hadi 32, na uendeshe mara tatu kwa `seed` (namba ya kuanzishia ubahatishaji) tofauti. Mara zote tatu pozi la kwanza linatakiwa liwe ndani ya angstromu 2 za RMSD (kipimo cha wastani wa umbali kati ya atomi) kutoka pozi la fuwele. Unapopima RMSD hiyo usiizungushe molekuli ili ilingane na mwenzake. Pima pale pale ilipo, vinginevyo unapima umbo tu na si mahali ilipokaa.

Ukishindwa hapa, usiendelee na zile 60. Sababu huwa ni kisanduku kilichokosea kitovu, NAD iliyopotea wakati wa kubadilisha faili, au atomi zilizopewa aina isiyo sahihi kwenye PDBQT. Chaji za atomi usihangaike nazo kwa Vina, haizitumii katika alama yake ya kawaida. Ila sura ya molekuli ina uzito: kampaundi za mimea zina vituo vingi vya kiral (atomi zinazoweza kupangwa kwa namna mbili, kama mkono wa kushoto na wa kulia), na SMILES iliyonakiliwa bila alama za mpangilio huo itakupa molekuli ambayo mmea hauna.

Ukishafaulu hapo, ipime kwa kundi. Mkusanyiko wa DUD-E una InhA miongoni mwa shabaha zake 102: wazuiaji wanaojulikana, na kwa kila mmoja takriban molekuli 50 za kutegea, zenye uzito na tabia zinazokaribiana naye lakini zenye umbo tofauti. Wapitishe wote. Kwa kompyuta mpakato ni kazi ya siku chache ukirudisha `exhaustiveness` kwenye 8. Kisha tazama asilimia 1 ya juu ya orodha: kama asilimia 20 ya wazuiaji wa kweli wamo humo, umeongeza utajiri wa orodha mara 20. AUC ya mchoro wa ROC (kipimo cha kutofautisha: 1 ni kamili, 0.5 ni kubahatisha) ikikaribia 0.5, mpangilio wako haujui kutofautisha kitu, na alama ya rutini haina thamani hata ungeichapisha kwa rangi tano. Tahadhari moja: molekuli za kutegea hudhaniwa tu kwamba hazifanyi kazi, hazijapimwa zote.

InhA ina ugumu wake wa ziada. Kitanzi cha asidi amino za 196 hadi 219, kinachofunika mdomo wa tundu, hubadilika sana kulingana na mzuiaji aliyemo, na Vina inaichukulia protini kama kitu kigumu kisichosogea. Kwa hiyo fanya dokingi kwenye miundo miwili au mitatu. Pamoja na 4TZK ongeza 2X23, wenye mzuiaji PT70 ambaye hukituliza kitanzi hicho. Kampaundi inayofanya vizuri kwenye muundo mmoja tu iandikie alama ya kuuliza. Mtu akikushauri utumie muundo wa AlphaFold (uliokisiwa kwa akili bandia), mwambie kwa shabaha hii huna haja nao: miundo ya fuwele iko mingi, na ule wa AlphaFold kwenye hifadhi yake hauna NAD.

Kwa kulinganisha, weka mzuiaji wa moja kwa moja badala ya isoniazidi. PT70 anafaa, na NITD-916, aliyeripotiwa mwaka 2015 kuwa anafanya kazi kwa panya, anafaa zaidi. Wazuiaji hawa hawahitaji KatG, na hapo ndipo InhA inapobaki na mvuto hadi leo. Sehemu kubwa ya usugu dhidi ya isoniazidi hutokana na badiliko la KatG, hasa S315T, huku InhA yenyewe ikiwa nzima. Dawa inayoruka hatua ya KatG ingewafikia wagonjwa hao. Haiwezi kuwasaidia wote sawasawa: badiliko la c-15t kwenye promota (sehemu ya DNA inayowasha jeni) huwafanya bakteria watengeneze InhA kwa wingi, na mzuiaji yeyote wa InhA atahisi hilo.

Sasa chuja zile 60. Rutini ina uzito wa molekuli wa 610, watoaji 10 wa bondi ya haidrojeni na wapokeaji 16. Imevuka mipaka mitatu kati ya minne ya Lipinski, vigezo vya kukisia kama molekuli inafaa kuwa dawa ya kunywa. Mipaka hiyo si sheria, maana rifampisini ina 823 na bedakuilini 555, na zote ni dawa za kunywa. Tofauti ni kwamba hizo mbili zina mafuta ya kutosha kupenya, rutini imejaa sukari na haidroksili. Utumboni bakteria huikata sukari yake ikabaki kwasetini, kwa hiyo molekuli uliyoifanyia dokingi huenda isifike mapafuni kabisa. Kwasetini nayo ina katekoli, kundi lililomo kwenye orodha ya PAINS, yaani maumbo yanayoonekana kuzuia karibu kila kimeng'enya kwenye vipimo bila kushika mahali maalumu. Tanini vivyo hivyo. RDKit ina kichujio cha PAINS tayari, kipitishe. Kampaundi iliyonaswa si lazima uifute, lakini haifai kuwa kinara wa tasnifu bila ushahidi wa ziada.

Wengi wakifika hapa hukimbilia uigaji wa mwendo wa molekuli ili wapate mchoro wa RMSD wa nanosekunde 100. Fanya, ila ujue unachokinunua. Kwa programu ya GROMACS tumia seti moja ya vigezo vya nguvu kati ya atomi kuanzia mwanzo hadi mwisho: ukichukua CHARMM36, ambayo ina vigezo vya NAD, basi kampaundi zako ziende CGenFF, ukichukua AMBER, ziende GAFF2. Usichanganye. CGenFF ikikupa adhabu inayozidi 50 kwa pembe fulani, usiitumie kabla hujaikagua. Acha nanomita 1 ya maji kuzunguka protini, chumvi mola 0.15, joto kelvini 310, hatua ya femtosekunde 2. Tuliza mfumo kwa pikosekunde 100 ukiwa na ujazo usiobadilika, kisha 100 nyingine kwa shinikizo lisilobadilika. Halafu endesha nanosekunde 100 mara tatu, kila mara kwa kasi za mwanzo tofauti. InhA kwa asili ni minyororo minne iliyoshikana. Ukiendesha mmoja peke yake, kitanzi kile kinaweza kulegea kupita kiasi, jambo ambalo unapaswa kulitaja. Kwa prosesa pekee kazi hii ni ya wiki nyingi, hivyo chagua kampaundi mbili tu na mzuiaji wa 4TZK kama kidhibiti, au tafuta mashine yenye kadi ya michoro.

Mchoro ukitulia, haumaanishi kampaundi inashika vizuri. PT70 hukaa ndani ya InhA takriban dakika 24, na nanosekunde 100 ni kipande kidogo mno cha muda huo. Hata molekuli yenye mshiko dhaifu inaweza kubaki mle ndani hadi uigaji uishe. Habari yenye maana ni ile mbaya: kampaundi ikitoka tunduni ndani ya nanosekunde 20 katika marudio mawili kati ya matatu, iondoe. MM-GBSA, njia ya kukisia nishati ya mshiko kutokana na uigaji, nayo itumie kupanga kampaundi zinazofanana. Namba zake za −60 au −70 si mshiko halisi, na kuziandika hivyo ni kujitafutia maswali kwa mtahini.

Hata mambo yote hayo yakienda sawa, umeuliza swali la kimeng'enya tu, hujauliza la bakteria. *Mycobacterium tuberculosis* ana ukuta wenye nta ya asidi za mikoliki na pampu zinazorudisha dawa nje. Kampuni ya GlaxoSmithKline iliendesha kampeni 70 za kusaka viuabakteria kati ya 1995 na 2001, karibu zote zikianzia kwenye shabaha moja moja, zikazaa kampaundi 5 tu za kuendelezwa. Bedakuilini, iliyotangazwa 2005 na kuidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, ilianzia upande wa pili: kampaundi zilimwagwa juu ya *M. smegmatis*, ndugu wa kimelea cha kifua kikuu, aliye hai, na shabaha yake, kimeng'enya cha kutengeneza ATP, ikatambuliwa baadaye.

Ndiyo maana ni busara kuongeza modeli ya kukisia MIC, kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua. Data ipo kwenye hifadhidata ya ChEMBL bila malipo, na kazi hii kompyuta yako inaiweza bila shida. Panapoharibika ni kwenye usafi wa data. Geuza kila kitu kuwa mikromola: mikrogramu 1 kwa mililita ni mikromola 7.3 kwa isoniazidi, ila 1.2 kwa rifampisini, na modeli iliyolishwa mikrogramu hujifunza uzito badala ya nguvu. Tenganisha vipimo vya H37Rv (aina ya *M. tuberculosis* inayotumika maabara) na vya *M. smegmatis*. Unapogawa data ya kufundishia na ya kujaribia, gawa kwa viunzi vya molekuli. Ukigawa kwa kubahatisha, ndugu wa molekuli ile ile wanaangukia pande zote mbili, unapata usahihi wa kupendeza unaoyeyuka ukileta molekuli za mmea ambazo modeli haijawahi kuona mfano wake.

Tazama pia chakula walichopewa bakteria. Mwaka 2010 iliripotiwa jamii ya pirimidini-imidazoli zilizowaua vimelea vizuri kwenye maabara na kushindwa kabisa kwa panya. Zilikuwa zinafanya kazi tu pale bakteria wanapolishwa gliseroli. Kinyume chake ni pirazinamidi, dawa ya mstari wa kwanza, ambayo kwenye pH ya kawaida ya maabara karibu haifanyi kitu. Modeli inayofundishwa kwa MIC pekee ingempandisha wa kwanza na kumtupa wa pili.

Kuhusu tasnifu, sentensi inayotetewa ni kwamba mpangilio wako ulirudisha pozi la 4TZK kwa RMSD fulani, ulitofautisha wazuiaji na molekuli za kutegea kwa kiwango fulani, na kwamba kampaundi tatu hadi tano zimeteuliwa kwa majaribio. Neno "dhidi ya isoniazidi" litoke kabisa.

Majaribio yenyewe yana mtego kwa kampaundi za mimea. Kipimo cha kawaida cha InhA hufuatilia NADH inavyopungua kwa kusoma mwanga wa nanomita 340, na flavonoidi hufyonza mwanga karibu na hapo hapo. Rutini na kwasetini zina kilele kati ya 350 na 380. Soma kampaundi peke yake bila kimeng'enya, kwa kila kiwango utakachotumia, ndipo utoe. Rudia kipimo ukiwa umeongeza sabuni ya Triton X-100 ya asilimia 0.01: uzuiaji ukipotea, molekuli zako zilikuwa zinajikusanya mabonge na kukinasa kimeng'enya humo.

Kwa bakteria, H37Rv huhitaji maabara ya usalama wa ngazi ya 3. Usipokuwa nayo, anza na H37Ra (ndugu yake aliyedhoofika) au *M. smegmatis*, ukijua kwamba MIC za *M. smegmatis* mara nyingi ni tofauti. Kwenye sahani moja weka isoniazidi kama kidhibiti, hapa inafaa kwa sababu KatG ipo, na pima sumu kwa seli za HepG2 (za ini la binadamu) au Vero (za figo ya nyani). Kiwango kinachodhuru seli kizidi MIC angalau mara 10. Kampaundi ikifaulu hapo, jaribu aina ya bakteria iliyoongezewa jeni la inhA ili itengeneze kimeng'enya kingi. Kama shabaha ni InhA kweli, MIC itapanda. Isipopanda, kampaundi huenda inaua kwa njia nyingine. Inaweza kuwa nzuri hata hivyo, ila jina la InhA italazimika kutoka kwenye kichwa cha tasnifu.